Prosesa, RAM, SSD au mashine nyingine: ulinganisho kwa mwenye kompyuta mpakato ya mtumba hapa Tanga

Mwenye kompyuta mpakato ya mtumba iliyoanza kuchechemea ana njia nne mbele yake: kubadilisha prosesa (ubongo wa kompyuta), kuongeza RAM (kumbukumbu ya kazi zinazoendelea), kuiondoa diski ya kuzunguka na kuweka SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka), au kuiuza na kuongeza fedha apate mashine ya kizazi cha karibuni zaidi. Kwenye meza za mafundi wa Ngamiani njia ya kwanza ndiyo inayotajwa mapema kuliko zote, kwa kuwa i7, jina la prosesa za Intel zilizo ngazi ya juu ya i3 na i5, imeshakuwa cheo, na mteja hupenda kukiona kibandiko chake pembeni mwa kibodi. Msimamo wangu ni kwamba njia hiyo inastahili kuwa ya mwisho kwa watumiaji walio wengi, isipokuwa katika hali moja finyu ambayo nitaieleza kwa kirefu, kwa sababu ndani ya hali hiyo faida yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Je, prosesa yenyewe inatoka?

Kabla ya kuulizia bei ni lazima kujua kama njia hiyo ipo kweli kwa mashine uliyonayo. Prosesa za kompyuta mpakato huja kwa namna mbili. Ya kwanza ina pini upande wa chini na hukaa katika soketi inayobana na kuachia kwa skrubu moja, ambayo fundi huigeuza nusu mzunguko kwa bisibisi bapa. Ya pili imechomewa juu ya ubao mama kwa vitone vya risasi, na kuitoa kunahitaji mashine ya hewa ya moto, vitone vipya na mkono uliozoea kazi hiyo. Hata pale fundi wa aina hiyo anapopatikana, gharama na hatari ya kuua ubao mzima haziendani na thamani ya mashine ya miaka kumi na zaidi.

Kwa upande wa Intel, prosesa za soketi za kizazi cha pili, zilizotoka mwaka 2011, na za kizazi cha tatu, zilizotoka mwaka 2012, zina pini 988, wakati zile za kizazi cha nne, zilizotoka mwaka 2013, zina pini 946 na soketi ya umbo jingine. Prosesa ya kizazi cha nne, kwa hiyo, haiwezi kukaa kwenye ubao wa kizazi cha tatu. Kuingia kwa pini nako si dhamana ya kuwaka: prosesa ya kizazi cha tatu itakaa vizuri kwenye soketi ya mashine ya kizazi cha pili, lakini BIOS (programu ya awali inayoiwasha mashine) ya kompyuta mpakato nyingi za kizazi hicho haitaitambua, na skrini itabaki nyeusi. Kanuni ya usalama ni kubaki ndani ya kizazi kilekile ambacho mashine ilitoka nacho kiwandani. Kuanzia kizazi cha tano Intel iliacha kutoa prosesa za soketi kwa kompyuta mpakato, hivyo mwenye mashine ya kizazi cha tano, cha sita au cha saba anaweza kuivuka sehemu inayohusu i7 na kuendelea na SSD, RAM au kuuza, isipokuwa kama anamiliki moja ya zile mashine chache nzito zilizofungwa prosesa za kompyuta ya mezani.

Herufi zinazofuata namba ya prosesa husaidia, ingawa hazimalizi shauri. Inayoishia na U, Y au HQ imechomewa. Inayoishia na QM au MQ kwa kawaida ni ya soketi. Mtego uko kwenye M peke yake, kwa sababu i5-3320M ilitolewa kwa namna zote mbili: ndani ya ThinkPad T430 iko kwenye soketi, na ndani ya ThinkPad X230 prosesa ya jina hilohilo imechomewa. Udogo wa mashine nao si kipimo cha kutegemewa, kwani EliteBook 2570p ni ndogo kama X230 lakini ina soketi. Njia ya uhakika ni kufungua programu ya bure iitwayo CPU-Z na kusoma mstari wa Package: ukiona herufi PGA, prosesa inatoka, ukiona BGA, imechomewa.

Miongoni mwa mashine zinazoonekana sana katika biashara ya mtumba, zenye soketi ni ThinkPad T420 na T430, Latitude E6420 na E6430, na EliteBook 8460p na 8470p, na kwa kizazi cha nne ni ThinkPad T440p na Latitude E6440. Herufi p iliyo mwisho wa T440p ina uzito wake, kwa sababu T440 isiyo na p, T440s, Latitude E7440 na EliteBook 840 G1 ni za prosesa za U, yaani zilizochomewa. Wako watu waliokwisha kulipia prosesa Kariakoo, ikaletwa kwa basi hadi stendi ya Kange, ndipo wakagundua kuwa T440 yao haina mahali pa kuiweka.

Mzigo uko wapi hasa?

Malalamiko ya kwamba mashine ni nzito hayasemi ni kiungo gani kinachochelewesha wenzake. Fungua Task Manager, programu ya Windows inayoonyesha mzigo wa kila kiungo, wakati uleule mashine inapokuwa nzito, si baada ya kutulia, na utazame safu tatu: prosesa, kumbukumbu na diski. Diski ikiwa imegota asilimia 100 huku prosesa ikicheza kwenye asilimia 15, hakuna prosesa duniani itakayokusaidia. Kumbukumbu ikiwa imepita asilimia 90, mashine inahamishia sehemu ya kazi zake kwenye diski, na hapo utaona diski nayo ikigota, jambo linalowafanya wengi walaumu diski peke yake. Prosesa ikikaa kwenye asilimia 100 kwa dakika nyingi mfululizo huku safu nyingine mbili zimetulia, hapo ndipo mazungumzo ya i7 yanapoanza kuwa na maana.

Sababu ya SSD kushinda mara nyingi iko katika namna diski ya zamani inavyofanya kazi. Diski ya mizunguko 5400 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa takriban milisekunde 11, na kichwa chake cha kusomea nacho hutumia muda kusogea kutoka sehemu hadi sehemu, hivyo kila faili dogo lililotawanyika hugharimu milisekunde kumi na kitu, na Windows inapowaka husoma mafaili ya aina hiyo kwa maelfu. SSD ya kawaida ya SATA hujibu ombi kama hilo kwa sehemu ndogo ya milisekunde moja. Katika usomaji wa mfululizo hufikia takriban MB 500 kwa sekunde, pale ambapo diski ya kuzunguka hubaki karibu na 100. Mashine zote za soketi nilizozitaja hapo juu hupokea SSD ya inchi 2.5 bila kurekebisha kitu, na SSD hiyo haifi na mashine: unaweza kuihamisha, au kuiweka kwenye kasha la USB ukaitumia kama diski ya nje. Kwa maoni yangu hakuna matumizi mengine ya fedha kwenye mashine ya zamani yanayoikaribia SSD, na mtu ambaye bado yuko kwenye diski ya kuzunguka hana haja ya kusoma zaidi ya aya hii kabla hajaibadilisha.

RAM inafuata kwa karibu. Mashine yenye GB 4 ilitosha wakati ilipotengenezwa, lakini kivinjari cha leo chenye kurasa kumi zilizofunguliwa, WhatsApp ya kompyuta na hati moja ya Word hujaza nafasi hiyo mapema. GB 8 ndiyo kiwango cha chini ninachokipendekeza, na mashine za soketi nilizozitaja hupokea hadi GB 16 katika nafasi mbili. Vipande viwili vya GB 4 ni bora kuliko kimoja cha GB 8, kwa sababu prosesa huvisoma kwa pamoja, na sehemu ya picha iliyomo ndani ya prosesa, ambayo haina kumbukumbu yake yenyewe, hufaidika na jambo hilo. Wakati wa kununua, soma kibandiko: kizazi cha nne kinataka DDR3L ya volti 1.35, inayoandikwa PC3L. Kipande cha PC3L hufanya kazi pia katika volti 1.5, hivyo ndicho kilicho salama kukichukua unapokuwa na mashaka.

i7 ya namna gani?

Sasa tuje kwenye prosesa, kwa mtu ambaye ameshaweka SSD na GB 8, na Task Manager bado inamwonyesha prosesa imegota. Kosa kubwa katika soko letu ni kuzungumza juu ya i7 kana kwamba ni kitu kimoja. Tuchukue ThinkPad T430 au Latitude E6430 iliyokuja na i5-3320M. Prosesa hii ina viini viwili, hushughulikia mikondo minne ya kazi kwa wakati mmoja, kasi yake ya msingi ni GHz 2.6 na hupanda hadi 3.3 inaporuhusiwa na joto, na imepangiwa wati 35. Mteja akisema "niwekee i7", anaweza kuwekewa i7-3520M. Nayo ina viini viwili na mikondo minne vilevile, msingi wa GHz 2.9, kilele cha 3.6, kashe (kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa) ya MB 4 badala ya 3, na wati zilezile 35. Tofauti ya kasi ni takriban asilimia 10, ambayo mtu hawezi kuihisi kwa mkono wala kwa jicho. Ataihisi kwenye kibandiko tu. Kulipia badiliko hilo ni kulipia herufi na namba.

i7-3632QM ni jambo jingine kabisa. Ina viini vinne na mikondo minane, kashe ya MB 6, msingi wa GHz 2.2 na kilele cha 3.2, na imepangiwa wati 35 kama zile mbili zilizotangulia. Kwa kazi inayoweza kugawanywa, kama kurenda video (kuitoa iliyohaririwa kuwa faili kamili), kubana mafaili mengi au kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta, viini viwili vya ziada hupunguza muda kwa kiasi kinachoonekana kwenye saa ya ukutani. Kwa kazi isiyogawanyika, kama kuandika barua, kufungua ukurasa mmoja wa wavuti au kukokotoa jedwali la kawaida la Excel, prosesa hii haina faida, na inaweza hata kuwa nyuma kidogo ya i5 uliyoitoa, kwa kuwa kilele chake kiko chini kwa GHz 0.1. Hapa ndipo penye uamuzi wote: i7 ya viini viwili haifai kwa sababu haibadilishi kitu, na i7 ya viini vinne inafaa kwa mwenye kazi ya viini vinne tu.

Mashine iliyotoka na i3 iko katika nafasi nzuri zaidi ya kufaidika. i3-3110M, kwa mfano, hukaa kwenye GHz 2.4 bila uwezo wa kupanda, na haina maelekezo maalumu ya kusimba data ambayo i5 za wakati huo zinayo, hivyo diski iliyofungwa kwa nywila huilemea zaidi. Kutoka hapo kwenda i7-3632QM mtu anapata viini maradufu na kilele cha juu zaidi kwa theluthi moja, na badiliko litaonekana karibu katika kila kazi.

Kwa kizazi cha nne hesabu inafanana. T440p au E6440 yenye i5-4300M, ambayo ni viini viwili vya wati 37, inaweza kupokea i7-4702MQ au i7-4712MQ, ambazo ni viini vinne vya wati 37 hizohizo. Kizazi hiki kina faida ya ziada ya kuelewa maelekezo ya AVX2, ya kukokotoa namba nyingi kwa mpigo, ambayo programu kadhaa za leo zimeanza kuyadai na ambayo kizazi cha pili na cha tatu hayamo ndani yake, hata katika i7 iliyo ghali kuliko zote. Ndiyo maana mwenye T440p ana sababu nzuri zaidi ya kuwekeza kwenye prosesa kuliko mwenye T420. Huyo wa T420 ana tatizo jingine pia: katika kizazi cha pili prosesa zote za viini vinne, kama i7-2670QM na i7-2720QM, ni za wati 45 au zaidi, wakati mashine yake ilitoka na ya wati 35.

Joto la pwani katika hesabu hii

Maelezo mengi kuhusu kubadilisha prosesa huandikwa na watu wanaoishi kwenye baridi, na mtu wa Tanga akiyafuata jinsi yalivyo ataumia. Joto la prosesa hujengeka juu ya joto la chumba. Ikiwa kipoza joto cha mashine kinaiacha prosesa ikiwa nyuzijoto 65 juu ya hewa inayoizunguka, basi katika chumba chenye nyuzijoto 20 itafika 85, na mambo yatakwenda vizuri. Katika chumba cha Makorora chenye nyuzijoto 32 wakati wa kaskazi, mchana, umeme umekatika na feni ya dari imesimama, prosesa hiyohiyo itafika 97. Ikifika karibu na 100, au zaidi kidogo kwa baadhi ya aina, hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na ile GHz ya ziada uliyoilipia inapotea wakati unapoihitaji.

Kwa sababu hiyo ninazipa wati uzito kuliko jina. Ukilinganisha i7-3740QM, yenye msingi wa GHz 2.7 na kilele cha 3.7, na i7-3632QM niliyoieleza, ya kwanza inashinda kwenye karatasi, lakini ni ya wati 45, na ndani ya T430 yenye kipoza joto kilichokusudiwa wati 35 itatumia sehemu kubwa ya mchana ikijizuia, huku feni ikivuma kwa sauti ya juu. Katika hali ya hewa yetu ningeichagua ya wati 35 bila kusita, na kwa kizazi cha nne ningechagua ya wati 37 kuliko i7-4800MQ ya wati 47. Wati za ziada hudai pia chaja ya kutosha: mashine iliyokuwa ikitumia chaja ya wati 65 iongezewe ya wati 90 ya aina yake, la sivyo betri haitapanda wakati kazi nzito inaendelea.

Joto hilohilo linaweza kukuokolea fedha yote. Mashine ya mtumba iliyotoka ofisini Ulaya ikiwa na pesti (dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoza joto) iliyopakwa kiwandani zaidi ya miaka kumi iliyopita huwa inajizuia tayari, hata na prosesa yake ndogo. Fundi anapoinua kipoza joto cha shaba, pesti hiyo hukutwa imekauka na kuwa ya kijivu, inabanduka kwa vipande kama chokaa ya ukuta wa zamani, na kati ya feni na mapezi ya kutolea joto kunakuwa na utando wa vumbi na nyuzi za nguo uliokazana hata hewa haipiti. Kusafisha utando huo na kupaka pesti mpya hurudisha kasi ambayo mwenyewe alidhani imekwisha. Fanya hivyo kwanza, pima tena kwa Task Manager, ndipo uamue kama bado unaitaka i7.

Kuuza na kupanda kizazi

Ushindani wa kweli wa i7 ya zamani hautoki kwa RAM wala SSD. Unatoka kwa i5 ya kizazi cha nane. Mwaka 2017 Intel iliongeza viini vya prosesa za U kutoka viwili hadi vinne, na i5-8250U ikawa na viini vinne na mikondo minane kama i7-3632QM, lakini kwa wati 15 badala ya 35, ikiwa na msingi wa GHz 1.6 na kilele cha 3.4. Mashine zenye prosesa za kundi hilo, kama ThinkPad T480, Latitude 5490 na EliteBook 840 G5, sasa zimefika kwenye mtumba. Tofauti ya wati ina maana ya betri inayodumu zaidi umeme unapokatika, feni isiyopiga kelele, na joto dogo juu ya mapaja.

Kuna mambo mawili ambayo i7 ya zamani haiwezi kuyatoa hata kwa nguvu. La kwanza ni video za mtandaoni. YouTube hutuma video nyingi kwa mfumo wa VP9, na sehemu ya picha ya prosesa za kizazi cha pili hadi cha nne haina kifaa kamili cha kuufungua mfumo huo, hivyo kazi yote huangukia viini vya prosesa. Viini vinne vitaimudu kuliko viwili, lakini kwa joto na betri. Kizazi cha nane kina kifaa hicho ndani yake na hucheza video hiyo huku viini vimelala. La pili ni Windows. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa masharti yake rasmi hudai prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi pamoja na TPM 2.0, kifaa cha usalama kilicho ndani ya mashine. Ukibadilisha i5 ya kizazi cha tatu kwa i7 ya kizazi cha tatu, umebaki upande uleule wa mstari huo. Mwenye kupenda Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, hana shida hapa, na Linux Mint huenda vizuri kwenye mashine hizi. Lakini mtu ambaye kazi yake iko ndani ya programu za Windows, hasa anayeingiza taarifa za fedha za watu, alitie jambo hili kwenye mizani.

Kwa upande mwingine, kuuza mashine unayoijua na kununua usiyoijua kuna hatari zake: betri iliyokufa, kioo chenye madoa, BIOS iliyofungwa nywila ya kampuni iliyoitumia. RAM yako ya DDR3 haitaingia kwenye mashine ya DDR4, ingawa SSD ya inchi 2.5 inaweza kuhamia kwenye zile zenye nafasi yake. Njia ninayoitumia ya kulinganisha ni hii: jumlisha bei ya prosesa, usafiri wake kutoka Dar es Salaam, pesti, ujira wa fundi na chaja kama itahitajika, kisha tafuta tofauti kati ya bei ya mashine ya kizazi cha nane na bei utakayopata ukiuza yako. Jumla ya kwanza ikizidi theluthi ya tofauti hiyo, usinunue prosesa, weka akiba.

Nani achukue ipi

Mwenye duka la steshenari Chumbageni, anayeandika barua za maombi, kuchapa na kujaza fomu za mtandaoni, anahitaji SSD na GB 8, na prosesa yoyote ya i5 ya kizazi cha tatu itamtosha. Mwalimu mwenye majedwali ya alama ni hivyohivyo. Mwanafunzi wa chuo anayebeba mashine kila siku na kusomea mahali pasipo na umeme wa uhakika ningemwelekeza kwenye kizazi cha nane hata kama itambidi asubiri miezi kadhaa, kwa sababu ya betri na uzito.

Anayehariri video za harusi ndiye anayestahili kufikiriwa kwa makini. Kama ana T440p au E6440 yenye i5, SSD ipo, RAM ni GB 16, na kila Jumapili mashine inashinda ikirenda, i7 ya viini vinne ya wati 37 ndiyo ile hali finyu niliyoitaja mwanzoni, na fedha yake haitapotea. Aangalie jambo moja kabla: prosesa za Intel tangu kizazi cha pili zina kifaa kiitwacho Quick Sync kinachosaidia kutoa video ya mfumo wa H.264, na programu yake ya kuhariri inaweza kuwa haijakiwasha. Kukiwasha ni bure, na ubora wa picha ukimridhisha, huenda haja ya prosesa ikapungua. Kama mashine yake ni T420, ningemshauri asiiguse prosesa, kwa sababu ya zile wati 45 na ukosefu wa AVX2.

Ukishaamua kubadilisha

Sasisha BIOS ukiwa bado na prosesa ya zamani, betri ikiwa na chaji na chaja imechomekwa, kwani umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo kwenye mashine isiyo na betri, ubao mama unaweza usiamke tena. Unaponunua prosesa, omba picha ya pande zote mbili. Juu yake itafutwe alama inayoanza na SR, ambayo ni ya prosesa zilizouzwa rasmi. Zile zenye maandishi ya Intel Confidential au alama inayoanza na Q ni sampuli za majaribio, na BIOS inaweza kuzikataa. Chini yake hesabu safu za pini kwa jicho, na pini moja iliyolala ikutoshe kuikataa.

Katika T440p na Latitude E6430 fundi hufungua kifuniko cha chini na kukutana na kipoza joto mara moja; katika T420 na T430 ni lazima kibodi na sehemu ya kuwekea viganja zitoke kwanza, na ujira ukiwa mkubwa kidogo kwa hizo si wizi. Prosesa huwekwa kwa kulinganisha pembe yenye pembetatu na alama iliyo kwenye soketi, na inatakiwa kushuka kwa uzito wake yenyewe. Mkono ukilazimika kusukuma, kuna pini haijakaa. Kwa kuwa mashine imeshafunguliwa, muombe fundi afute pia miguu ya RAM, maana hewa ya chumvi ya hapa huanza kuila taratibu.

Usiondoke dukani baada ya kuona tu jina la i7 kwenye skrini. Washa kazi nzito kwa nusu saa na usome joto na kasi kwa programu ya HWiNFO: i7-3632QM ikibaki juu ya GHz 2.2 kwa muda wote huo, imefungwa vizuri. Ikishuka chini ya hapo, kipoza joto hakijakaa sawa au feni imechoka, na fundi anapaswa kukirudia siku hiyohiyo. Prosesa ya zamani ni mali yako. Idai, iwekwe kwenye kikasha kigumu pini zikitazama juu, kwa kuwa mashine ikigoma kuwaka wiki ijayo, kuirudisha hiyo ndiyo njia ya haraka ya kujua kama tatizo ni prosesa mpya au ni kitu kingine.